Aliyemwosha Krijn Boogaerdt

Rotterdam, 18 Julai 1950

Kwa Meja Ruysenaars,
Mkuu wa Kituo cha Mafunzo ya Urubani

Meja,

Jumatatu tarehe 12 Juni mwaka huu, muda mfupi baada ya saa nne asubuhi, nilimpoteza mwanangu Krijn, sajenti rubani, mwenye miaka ishirini na minne, ndani ya ndege yenu ya jeti. Jumamosi iliyopita nilimpoteza mara ya pili, kwa barua yenye muhuri. Msiba wa kwanza nimeupokea. Huu wa pili naukataa.

Barua yenu inasema hivi: akiwa katika zoezi la kutua kwa injini moja, rubani alizima kwa makosa injini iliyokuwa nzima, ndege ikakosa nguvu, ikaanguka. Chanzo: kosa la rubani. Mistari mitatu. Mimi nikipoteza foronya ya mteja humwandikia zaidi ya hapo.

Nikueleze unaandikiana na nani. Mabomu ya Wajerumani ya Mei 1940 yaliniachia pasi mbili na mtoto mmoja. Mume yalimbakiza chini ya kifusi. Leo nina kiwanda cha dobi chenye wanawake kumi na tisa, na mashuka ya hospitali nzima hupita mikononi mwetu kila wiki. Watu husema katika mji huu mashati huuzwa mikono ikiwa imekwisha kunjwa. Krijn alikulia humo. Toka alipokuwa na miaka kumi na mitano aliangalia mitambo miwili ya kukamulia maji, mmoja kushoto na mmoja kuume, mikanda ikizunguka, wanawake wakipitisha mikono katikati. Hakuna siku aliyozima wa kuume akidhani ni wa kushoto. Angefanya hivyo mara moja tu, nisingekuwa na wanawake kumi na tisa wenye vidole vyote. Leo mnaniambia alisahau mkono wake angani?

Nauliza mambo mawili. La kwanza, tume yenu ilijuaje kwamba aliizima yeye? La pili, kwa nini mnamwambia kijana azime injini nzima karibu na ardhi, ati ajifunze kuishi bila hiyo? Tangu ndege hizi zifike kituoni kwenu, magazeti yamewazika vijana wanne waliofia katika zoezi hili. Ndege zilizoharibikiwa injini kwelikweli ni mbili, na zote mbili zilitua salama. Urubani siujui, lakini kujumlisha na kutoa najua. Dawa ikiua wanne ili kuwakinga wawili ambao hawakufa, mganga huitwa akaulizwa.

Lijntje Boogaerdt


Kituo cha Mafunzo, 26 Julai 1950

Bi Boogaerdt,

Pokea tena rambirambi zangu na za maofisa wote. Sajenti Boogaerdt alikuwa miongoni mwa marubani bora waliopita mikononi mwangu, na nisingependa barua ya tume ikufanye udhani tunamfikiria vingine.

Umeuliza tume ilijuaje. Kila injini ina kishikio chake cha mafuta. Kishikio hicho hakijifungi. Hufungwa kwa mkono. Cha kushoto kilipaswa kuwa kimefungwa, kwa kuwa ndilo zoezi lenyewe. Tulikuta na cha kuume pia kimefungwa. Ndani ya ndege palikuwa na mtu mmoja. Mwenye shamba ndege ilikoangukia, Bwana Reimerink, alihojiwa siku ileile, akasema hakuna aliyegusa kitu zaidi ya kumtoa marehemu. Mkewe hakuwa na la kusema.

Kuhusu zoezi, na kuhusu idadi ulizozitaja, sina ruhusa ya kujadili. Naweza kusema hili tu: kwa kuwa chanzo cha ajali kimeonekana kuwa kosa la rubani, ajali hii haitoi sababu ya kulibadilisha zoezi. Kundi jipya litalianza mwezi Septemba.

Siku ile nilikuwa mnarani, pale tunapoongozea ndege. Naandika haya kwa heshima kubwa kuliko karatasi ya ofisi inavyoweza kuonyesha.

E. Ruysenaars, Meja


Esvelde, 30 Julai 1950

Mama Krijn,

Hunijui. Naitwa Mina Reimerink. Mwanao alifia shambani kwetu, na mimi ndiye niliyemwosha. Wiki sita za msiba zimekwisha, kwa hiyo sasa naweza kukuandikia. Hapa kwetu aliyeosha hamsogelei mfiwa kabla ya hapo. Humwacha alie na watu wake kwanza.

Derk, mume wangu, ananiambia: "Andika kwa kifupi, yule ni mwanamke wa biashara." Nimemwambia aende akakamue ng'ombe.

Nataka ujue jinsi alivyokuja, kwa sababu kama ningekuwa na mtoto, ningetaka kujua. Tumezoea ndege za kituoni, hupita juu ya paa moja kwa moja kama treni. Hii ilikuja imelala upande, chini, huku ikilia kwa sauti moja tu badala ya mbili. Kati ya nyumba yetu na ghala la jirani yetu Lammerdink pana uwazi ambao magari mawili ya nyasi yakipishana farasi hutukanwa. Nyuma ya ghala wanawake wa palizi walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakinywa kahawa ya saa nne, wote, na watoto wao wadogo. Mwanao aliwaona. Namwambia kila mtu aliwaona, kwa sababu ule ubawa uliinuka juu yao kama mtu anayeinua mkono asimgonge mtoto, kisha ukashuka. Akapita kwenye ule uwazi. Akaiweka ndege kwenye shayiri yetu, kwa tumbo, taratibu, nakuapia, taratibu kuliko Derk anavyoegesha mkokoteni. Lau si lile tuta la mialoni mwisho wa shamba, angetoka na kutuomba kahawa.

Nilifika wa kwanza, maana Derk ana mguu mbaya. Ile ndege ilikuwa bado inanguruma, ng'ombe wamevunja ua, majani ya shayiri yanaruka. Alikuwa hai. Akanionyesha kwa macho kile kishikio, nikakivuta nyuma kama alivyotaka, kelele ikafa, ndipo tukasikilizana.

Akaniuliza, "Mama, kuna aliyeumia?"

Nikamwambia, "Hakuna, mwanangu. Kuku mmoja tu, na huyo mwenyewe alikuwa hatagi."

Akacheka, Mama Krijn. Na hali ile, alicheka.

"Mwenye kuku akinidai?"

"Mwenye kuku ni mimi."

"Basi nimepona," akasema.

Hakukaa sana baada ya hapo. Ulikuwa muda wa birika kuchemka. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, na haukuwa baridi hadi mwisho.

Kwetu mtu akifia kwako ni wako, awe ametoka wapi. Jirani sita walimbeba kwa ngazi ya ghalani, nikamfunika kwa shuka langu la harusi. Derk alisimamisha saa ya ukutani, akaenda kugonga mzinga na kuwaambia nyuki kuna msiba, maana nao ni wa nyumba. Wanajeshi walipofika walitaka kumchukua palepale. Lammerdink alisimama mlangoni, unaweza kufikiri ni jenerali. "Vijana, vueni kofia, mnywe kahawa kwanza. Huyu anaoshwa. Mpaka avuke kizingiti hiki yuko na watu wake." Wakavua kofia.

Yako mengine aliyoyasema. Ninayo, na ni yako. Ukiyataka nitayaandika. Usipoyataka nitakwenda nayo kaburini, wala sitakulaumu.

Mina Reimerink


Rotterdam, 2 Agosti 1950

Bi Reimerink,

Kumbe shuka lenye herufi M.R. ni lako. Krijn aliletwa nalo. Nililifua kwa mikono yangu, sikumpa mfanyakazi yeyote, na sikujua nilirudishe kwa nani. Linakuja kwa posta. Kitani kama hicho hakifumwi tena. Kwa shuka na kwa mkono uliomshika, nakushukuru, na sitamaliza kukushukuru.

Sasa soma pole pole. Umeandika kwamba ulivuta kishikio na kelele ikafa. Kishikio gani? Cha upande gani? Kilichobaki kilikuwaje?

Nakuuliza kwa sababu jeshi limemwandika mwanangu kuwa mzembe. Linasema alizima injini nzima akiwa angani kwa kuchanganya mkono na mkono. Ushahidi wao wote ni kwamba vishikio vyote viwili vilikutwa vimefungwa. Na vilikutwa hivyo kwa kuwa kimoja ulikifunga wewe.

Mumeo aliiambia tume hakuna aliyegusa kitu. Wewe ulikuwapo, ukanyamaza. Wiki sita nzima jina la mwanangu limekaa chini ya neno "kosa", na wewe ulikuwa na neno la kulitoa. Nimefanya biashara miaka kumi, najua kimya huwa na bei. Shamba la shayiri lilikuwa limelala, na jeshi ndilo lilipalo fidia. Niambie kimya chenu kilinunuliwa kwa kiasi gani, nijue nazungumza na watu wa namna gani.

L. Boogaerdt


Esvelde, 7 Agosti 1950

Mama Krijn,

Derk aliisoma barua yako mara mbili, kisha akaenda kwa nguruwe. Huko ndiko huenda akikasirika. Mimi sina pa kwenda, kwa hiyo nakuandikia.

Labda kwenu Rotterdam kinywa hupangishwa kama chumba. Hapa hapana. Hatujaomba fidia. Shayiri ilimpokea mwanao kabla hatujamfikia sisi. Nani atatoza pesa kwa hiyo? Derk aliilisha ng'ombe, basi.

Nitakueleza kilichotokea, kisha uniite utakavyo.

Huyo ofisa wa tume alifika saa mwili ungali mezani. Alimkuta Derk uani, akamuuliza kama kuna mtu aliyegusa ndege. Derk alipofika na mguu wake, mimi nilikuwa nimekwisha kushuka kwenye ubawa. Alichoona ni majirani wakimtoa kijana, akasema hicho. Hakudanganya. Hakuniuliza niliyoyafanya ndani mle, kwa sababu mume hamuulizi mkewe habari za maiti anayemwosha. Ofisa akaja kwangu, viatu vichafu, akasimama juu ya sakafu yangu na daftari.

"Mama, umeona nini?"

Nikamwambia, "Nimemwosha. Mengine mwulizeni mama yake."

"Mama yake hakuwapo."

"Ndiyo. Lakini ni yake."

Akamwangalia mwenzake, akapindisha mdomo. Nikamsikia akisema, "Andika hana la kusema, huyu amechanganyikiwa."

Sikuchanganyikiwa. Aliyemwosha mtu huona na kusikia mambo ambayo hata mke hayajui. Kidonda, barua mfukoni, jina lililotajwa mwishoni. Kama tungekuwa tunayatoa kwa kila mwenye daftari, nani angekubali kufa karibu nasi? Bibi yangu aliosha, mama yangu aliosha, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa ila kwa mwenye msiba. Nilidhani ofisa atakuandikia, nawe utaniuliza, nami nitasema. Nilidhani dunia nzima hufanya hivyo. Ningejuaje kwamba kile kijishikio ndicho kingemhukumu mtoto? Nilikiona kama kuzima taa.

Haya, chukua vilivyo vyako.

Vishikio vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kimekwisha lala nyuma. Nilivuta kile kingine, cha upande wa ghala, maana injini iliyokuwa ikinguruma ilikuwa upande wa ghala. Nilipovuta, aliitikia kwa kichwa hivi, kama fundi anayemsifu mwanafunzi. Majirani wote waliisikia ikinguruma shambani, hata padri aliisikia akiwa bustanini kwake.

Baada ya habari za kuku alisema, "Njia ya kutua ilizibwa, mama. Ndege ya mwenzangu ilipasuka gurudumu, imekaa katikati. Ningekuwa na injini zote mbili ningepanda tena. Kwa moja, magurudumu yakiwa chini, haipandi. Nilipoyakunja nilikuwa nimechelewa." Nikamwambia asijichoshe. Akasema, "Nachoka na nini? Nimekaa tu."

Halafu akajitazama kifuani. "Mama ataniua. Shati hili alilipiga pasi mwenyewe."

Nikamwambia ninajua kutoa damu kwa maji baridi na chumvi.

"Kumbe nimeangukia kwa mtu wa kazi," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Shati nililitoa damu yote. Wanajeshi walilichukua. Sijui kama lilikufikia.

Jeshi likinijia leo, bado sitasema. Hayo maneno si yangu. Wewe ukiniambia sema, nitasema hata mbele ya malkia. Ukiniambia nyamaza, nitanyamaza hata nikifungwa. Hiyo ndiyo bei.

Mina


Rotterdam, 10 Agosti 1950

Mina,

Nimekosea hesabu. Sijui kuomba radhi kwa maneno mengi, hivyo nakuomba kwa machache: nisamehe, wewe na Derk, na nguruwe waliomsikiliza.

Barua yako niliisoma chumba cha pasi. Nilipofika kwenye shati wanawake walisimamisha kazi wote, ingawa sikuwa nimetoa sauti. Mkubwa wao, Keetje, akauliza, "Bosi, habari mbaya?" Nikawasomea. Unajua alivyosema? "Maji baridi na chumvi! Huyo mama tungemwajiri kesho." Kwetu hapa hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Nilikuwa nimejaa hasira na watu walionipokonya mwanangu. Kumbe walikuwapo watu waliomtunza, wakatunza na maneno yake kama amana, bila kuyapunguza wala kuyaongeza, wakingoja mwenyewe aje ayadai. Miaka kumi naajiri watu. Sijapata kumkuta aliyeweza kufanya hivyo kwa muda wa chakula cha mchana.

Shati lilifika. Lilikuwa jeupe. Nilidhani hakuvuja damu, nikajifariji kwa hilo. Sasa najua ni kazi yako.

Basi mimi, mama yake, mwenye msiba, nakuambia: sema. Mwambie Meja Ruysenaars na yeyote atakayekaa naye. Sema kishikio, sema injini ya upande wa ghala, sema njia iliyozibwa. Hata shati liseme ukitaka. Krijn alipokea amri ya kuzima injini akaitii. Alipoona njia imefungwa hakuwa na injini ya kumpandisha, akachagua mahali pa kufia pasipo na watu. Wamemwandika mzembe. Nenda kawaambie walimwandika nani.

Kundi jipya linaanza zoezi hilohilo Septemba. Ikiwa kosa ni la rubani, zoezi halina kosa. Ikiwa si la rubani, lazima waliguse. Ndiyo maana nakusukuma.

Lijntje


Kituo cha Mafunzo, 28 Agosti 1950

Bi Boogaerdt,

Hii siyo barua ya ofisi. Karatasi ni yangu na mwandiko ni wangu.

Jumanne iliyopita mlinzi wa lango alinipigia simu. "Meja, kuna watu saba hapa, wamevaa nguo nyeusi za kanisani. Wanasema wamekuja kwa ajili ya mtu wao." Nikauliza mtu wao ni nani. Akasema, "Sajenti Boogaerdt."

Walikuwa Bi Reimerink na majirani sita waliombeba. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Nitakaa nikimaliza," akasema. "Mama yake ameniruhusu."

Akasema yote, wima, mikono mbele, bila kupandisha sauti. Luteni wangu, kijana aliyesoma sana, alimkatiza: "Mama, kwa nini hukusema siku ile?" Yule mzee Lammerdink akamjibu yeye: "Kijana, ungekufa wewe, ungependa aseme kwa nani?" Luteni akarudi kwenye daftari lake.

Nikawapeleka kwenye ndege ya aina ileile. Sikumwambia kitu. Alipanda ubawa kwa sketi yake ya Jumapili, akainama, akasema, "Hiki kilikuwa kimelala. Hiki ndicho nilichovuta." Hakukosea: alichokishika mwisho kilikuwa cha kuume. Mtu ambaye hajawahi kuweka kichwa ndani ya ndege hiyo asingeweza kukiona kishikio hicho, achilia mbali kujua huvutwa upande gani. Kisha akanigeukia. "Washa moja nisikie." Nikamuuliza kwa nini. "Nataka kujua kama ndiyo sauti niliyoisikia." Tukawasha injini ya kuume peke yake. Majirani sita wakavua kofia.

Sasa nami niseme yangu. Ni kweli njia ilizibwa. Ndege nyingine ilipasuka gurudumu, na nilipofyatua fataki nyekundu ya kumkataza kutua, Krijn alikuwa chini mno. Mhandisi wetu aliiandikia tume kwamba injini ya kuume imemeza shayiri hadi ndani kabisa, jambo ambalo injini iliyozimwa hailifanyi kirahisi. Tume iliona vishikio, ikatosheka. Habari za gurudumu hazikuingia katika taarifa kwa sababu, mtu akiamini injini ilizimwa kwa kosa, gurudumu halina maana. Nilisaini nikiamini hivyo. Nililiamini kwa sababu lilikuwa rahisi kuamini.

Nimeruka katika vita na baada ya vita. Alichofanya mwanao kati ya nyumba ile na ghala lile, kwa injini moja, bila kasi, sijapata kukiona kikifanywa na mtu yeyote, nami sidhani ningeweza. Nilikwenda kuupima ule uwazi mwenyewe. Ubawa wake ulibakiza hatua mbili kila upande. Wanawake wa palizi walinionyesha mahali walipokaa. Mmoja alikuwa na mimba, sasa amejifungua mtoto wa kiume. Sihitaji kukuambia jina walilompa.

Wakubwa wangu wanasema tume imekwisha kufungwa, na kwamba ushahidi wa mwanamke wa shamba, uliotolewa baada ya miezi miwili, hautoshi kuifungua. Inaweza kufunguliwa kwa njia moja tu: mkuu wa kituo aandike kwa saini yake kwamba matokeo ya kwanza hayakuwa sahihi. Akiandika hivyo, zoezi husimama mara moja hadi uchunguzi uishe, na swali la kwanza litakaloulizwa litakuwa kuhusu mnara, yaani kuhusu mimi.

Nalifikiria. Nakuomba unipe muda.

Evert Ruysenaars


Rotterdam, 4 Septemba 1950

Meja Ruysenaars,

Barua yako nimeipokea, na nimeisoma kama ilivyoandikwa, kwa mkono wa mtu. Ulikuwa huru kukana habari za gurudumu, hukukana. Ulikwenda kuupima uwazi kwa miguu yako. Ungeweza kuwafukuza watu saba langoni, ukawapeleka kwenye ndege. Sikutarajia kumheshimu mtu yeyote wa kituo hicho, na sasa inanibidi nikuheshimu wewe. Nakuambia kwa sababu ni kweli, wala sikupaki mafuta. Mina ananiandikia kwamba ulimshika mkono wakati wa kushuka kwenye ubawa na kwamba nawe ulivua kofia. Anakusifu kwa hilo. Anasema asiyevua kofia pale asingefaa kupewa vijana wa watu.

Lakini umeniomba muda, na muda sinao wa kukupa, kwa kuwa si wangu. Ni wa Wiebe Hoekema.

Unamjua. Ni mmoja wa vijana wanne waliobeba jeneza la Krijn, upande wa mbele, yule Mfrisia mrefu, mtu wa kaskazini, asiyejua pa kuweka mikono yake. Jana, Jumapili, alikuja kunisalimu. Nilimpikia maharage na nyama ya nguruwe, akala sahani tatu, akanioshea sufuria bila kuambiwa. Nikamuuliza kazi inakwendaje.

"Inakwenda, mama. Jumatatu ijayo, tarehe 11, tunaanza injini moja. Nimepangwa wa kwanza."

Nikamuuliza, "Unaogopa?"

"Kidogo. Lakini wametuambia Krijn alikosea mkono. Mimi nimeandika K na U kwenye glavu zangu, kushoto na kuume, nisije nikakosea."

Akanionyesha, Meja. Kwa wino. Hiyo ndiyo kinga mliyompa: herufi mbili za kumlinda na kosa ambalo halikutendeka. Njia ikizibwa mbele yake Jumatatu, herufi hizo zitampandisha juu?

Nilitaka kumwambia asiruke. Lakini ni askari, atatii kama Krijn alivyotii, na nisingetaka atoke kwangu na hofu badala ya chakula. Anayeweza kumwokoa bila kumvunja ni mtu mmoja, na kalamu iko mezani kwake.

Najua itakugharimu nini. Wataanza na mnara. Huenda wakakuondoa. Siwezi kukuahidi kwamba haitakuwa hivyo, maana sipendi kuahidi bidhaa isiyo dukani kwangu. Naweza kukuahidi hili: siku watakayokuita ujieleze, mimi na Mina tutakuwa kwenye benchi la nyuma, na nikiulizwa nitasema fataki uliyofyatua ilichelewa kwa sababu zoezi halikumwachia mtu yeyote nafasi, wewe wala yeye. Nimekwisha kuifanya hesabu hiyo. Iko sahihi.

Sidai fidia. Sitaki medali wala mtaa wenye jina lake. Mtoto wa Esvelde analo, anatosha. Sitaki pia barua nyingine ya rambirambi, hata kwa mwandiko wako mwenyewe.

Ijumaa hii, tarehe 8, mimi na Mina Reimerink tutakuwa langoni kwako. Derk atatuleta kwa mkokoteni kutoka stesheni, na jirani sita wanasema hawabaki nyumbani. Saa sita kamili mchana nitakuuliza mbele yao swali moja, na nakupa mapema ili usiseme umeshtukizwa: umetia saini kwamba Krijn Boogaerdt hakuizima injini ile, ndiyo au hapana?

Lijntje Boogaerdt